Wale Tuliodhani Hawatapona

Siku yangu ya kwanza katika kliniki ya afya ya akili, Kitengela, daktari msimamizi alinipeleka mbele ya benchi la wagonjwa wa nje, wale wanaotibiwa na kurudi nyumbani, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Sista Wangari, hapa nani atapona haraka?"

Nikamwonyesha mwanamume mmoja aliyekuwa akitabasamu.

"Tabasamu halipimi kitu," akasema. "Uliza ameugua kwa muda gani, analala vipi, na nyumbani yuko na nani."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kujifunza kubashiri matokeo ya tiba. Wengi wa wagonjwa wetu walikuwa na sonona, ile huzuni nzito isiyobanduka, au wasiwasi uliopita kiasi. Tuliwapima kwa dodoso, maswali mafupi kuhusu usingizi, hamu ya chakula na mawazo ya kujidhuru, kisha tukalirudia baada ya majuma machache. Aliyepata nafuu mapema kwa kawaida aliendelea vizuri. Aliyeugua miaka mingi, au aliyezoea kukatiza dawa, tulijua kazi ipo.

Nilipohamishiwa Kajiado nilimkuta mkuu wa kitengo, mtu wa haki lakini mwenye haraka. Nafasi katika kikundi cha tiba ya mazungumzo zilikuwa chache, naye aliwapa wenye dalili njema za kupona. Ndipo akaja Naserian, mwuza shanga wa Namanga. Alikuwa amefiwa na mtoto, akaugua miaka, na tayari alikuwa ameacha matibabu zaidi ya mara moja.

"Huyo atakatiza tena," mkuu akasema. "Nafasi mpe mwingine."

"Mkuu, kama tunajua atakatiza, si ndiyo sababu ya kumshika zaidi?"

Akaweka kalamu chini. "Na ukishindwa?"

"Nitashindwa nikiwa naye."

Akanipa ile nafasi.

Nilisafiri hadi Namanga kumwona mama mkwe wake, maana Naserian aliniambia ndiye aliyekuwa akimfichia dawa ili asizimeze. "Takwenya, yeiyo," nikamwamkia Kimaasai. "Iko," akajibu bila kuniangalia. Aliogopa kwamba tembe zile zingemzuia mkaza mwanawe kuzaa tena. Nikamweleza polepole kwamba hazifungi uzazi, tukanywa chai. Mwishowe akasema, "Mimi nilidhani namlinda. Sasa niko na swali moja tu: mnakutana siku gani?"

Walikuja pamoja. Kwa majuma mengi Naserian alikaa kimya. Kisha siku moja mwenzake kikundini akaushika mkufu wake wa shanga na kuutajia bei ya dharau, naye akawaka: "Hiyo ni bei ya uzi!" Kikundi kizima kikacheka. Akacheka naye, kisha akalia, na kwa mara ya kwanza akamtaja mtoto wake kwa jina.

Baada ya miezi, dodoso halikuonyesha tena sonona. Mkuu alitoka ofisini akanipigia makofi kwenye korido, mbele ya wagonjwa. Tangu hapo nafasi za kwanza zilienda kwa wenye dalili mbaya, na wengi walipona.

Leo nimestaafu, nafuga kuku Kitengela. Wauguzi vijana hunionyesha programu za kompyuta zinazobashiri nani ataacha tiba. Nazifurahia, zinaona mapema kuliko tulivyoona sisi. Juzi muuguzi mmoja, aniitaye Cucu, yaani nyanya kwa Kikuyu, akaniuliza, "Cucu, mashine ikishasema huyu hatarudi, mimi nifanye nini?"

"Vaa viatu," nikamwambia, "umfuate."