Dakika za Salamu

Mimi ni mtu wa Nakuru, na mpaka leo nikikasirika lafudhi ya kwetu inarudi yote. Morogoro nilikuja kumfuata mume wangu enzi za ruksa, aliposikia kwamba kwao sasa mtu anaweza kufungua duka akauza anachotaka. Alikuwa amesomea kilimo kule kwetu, ndiko tulikooana. Akafungua duka la pembejeo karibu na soko, mbegu na dawa za mboga, na wateja wake wengi walikuwa wakulima wa Mgeta kule milimani, mama yake mzazi akiwa wa kwanza kulalamika kuhusu bei.

Nilichoacha Nakuru hakikuwa kazi ya ukarani peke yake. Pale kazini tulikuwa na klabu ya kulenga shabaha kwa bastola, na mimi nilikuwa humo miaka tisa. Watu wakisikia bastola wanafikiria majambazi. Hii ni bastola ya upepo, inasukuma kirisasi cha ukubwa wa punje ya mtama. Unasimama, mkono mmoja umeunyoosha, mwingine umeutia mfukoni, na mita kumi mbele yako kuna karatasi yenye duara jeusi. Unatoboa katikati. Ukikosa, hakuna wa kumlaumu, na hicho ndicho nilichokipenda. Nilikuwa na ya kwangu mwenyewe. Niliiuza wiki moja kabla ya safari, maana nani angenipitisha nayo mpakani? Nililia. Mume wangu akanifariji kwamba Morogoro ataninunulia cherehani, na kwa kweli siku ile nilikaribia kumwacha.

Miaka miwili ya kwanza nilinuna, nisifiche. Kila kitu kilinikera. Kwetu unasema habari, unapita. Hapa ni habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za tangu jana, na mchuzi wangu unaungulia jikoni. Nikienda dukani nikisema, "Nipe sukari kilo mbili," muuzaji ananitazama. "Dada, unaomba au unaamuru?" Mama mkwe alikuwa akishuka na lori la mboga, anakaa kwetu siku mbili tatu, ametuletea kabichi na njegere za kulisha mtaa mzima. Nilimpikia, nikampakulia, nikamtandikia, halafu nikakaa kimya. Sikuwa na ubaya naye hata kidogo. Sikuwa na la kusema tu.

Siku moja nilikuwa dukani namsaidia mume wangu, akaingia mwalimu wa hesabu wa sekondari na orodha yake ya mbegu. Alikuwa ameiandika nyuma ya karatasi ya shabaha iliyokwisha kupigwa. Niliyaona yale matundu, nikamnyang'anya karatasi mkononi. "Hii umeitoa wapi?" Maskini alidhani nimeona nyoka. Akanieleza kwamba ng'ambo ya reli kuna ghala lililokuwa la mkonge, sasa amelikodi mfanyabiashara wa mitumba. Nusu ameweka marobota yake, nusu nyingine amekiachia chama cha walenga shabaha, yeye mwenyewe akiwa mwanachama, na bastola za chama ameziagiza nje kwa vibali vyote. Karatasi zinabandikwa kwenye mbao nene, na nyuma ya mbao ni marobota. Kama uliwahi kununua koti Morogoro miaka ile likawa na vitundu vidogo mgongoni, usiwasingizie nondo.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa wa kwanza mlangoni. Risasi tatu za mwanzo hata karatasi hazikuigusa, na bega liliniuma mpaka Jumanne. Lakini nilirudi nyumbani nikiimba. Mume wangu alinitazama, akasema haya, endelea, ila mama asijue. "Mama akisikia mke wangu anashika bastola, atatembea kwa miguu kutoka Mgeta kuja kunichapa." Basi tukakubaliana kwamba Jumamosi asubuhi nina mazoezi ya kwaya. Ulikuwa uongo wa kijinga, kwa kuwa mimi nikiimba hata kuku wanahama, ila mama mkwe aliupokea kwa furaha. Alisema afadhali nimepata wenzangu.

Miezi minane ikapita hivyo. Kisha chama kikaalikwa Dodoma kushindana na chama cha huko, watu wanne tu. Watatu walijulikana. Nafasi ya nne tuligombea mimi na yule mwalimu, na sikuwahi kutaka kitu namna hiyo tangu nivuke mpaka. Nilitaka walau sehemu moja katika nchi hii watu waseme yule anaweza, badala ya yule Mkenya wa dukani. Ijumaa kabla ya mchujo, mama mkwe akateremka kwenye lori bila taarifa. Jumamosi nikamwandalia chai, nikamuaga, nikaenda zangu kwenye "kwaya".

Yaliyofuata nilisimuliwa baadaye. Mama alioga, akavaa kitenge chake kizuri, akaenda kanisani kunisikiliza. Akakaa kwenye benchi la mbele. Wimbo wa kwanza, wa pili, wa tatu, mimi simo. Akamuuliza mwalimu wa kwaya, naye akamjibu kwa adabu kwamba mwanakwaya huyo hawamjui. Sasa mwanamke mgeni, kila Jumamosi anatoka, anamdanganya mama mkwe, anarudi anaimba. Nani asingefikiria vile alivyofikiria? Alikwenda dukani moja kwa moja, akamuuliza mwanawe mbele ya wateja, "Mkeo yuko wapi?" Mume wangu aliweza kunifichia siri, lakini hawezi kumdanganya mama yake akiwa amemsimamia. Akafunga duka.

Ghalani tulikuwa sita kwenye mstari, wanne wakijipima tu. Risasi arobaini kwa muda uliopangwa, na msimamizi wetu alikuwa mwanajeshi mstaafu, mzee mkali ambaye mtu akikohoa tu humtoa nje. Nilikuwa nimebakiza risasi tano na dakika saba. Mkono umetulia, pumzi imetulia, nikajua kwamba nikizipiga vizuri Dodoma naenda. Hapo mlangoni ikasikika sauti ninayoijua.

"Hodi."

Kule Nakuru angetolewa mbio. Mzee wetu mkali alishusha miwani yake. "Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba."

Mwalimu wa hesabu akaweka bastola yake mezani, akageuka. "Shikamoo, mama." Anayemfuata naye akaweka. Mmoja baada ya mwingine, mstari mzima, mashindano yamesimama, watu wazima wanamwamkia mama wa Mgeta aliyeshika kipochi chake kifuani. Nikabaki mimi peke yangu, mkono umenyooka mbele. Nikaweka bastola. Niligeuka.

"Shikamoo, mama."

Hakujibu. Wote amewajibu, mimi hakunijibu. Mume wangu alikuwa nyuma yake anatazama sakafu, hana msaada wowote. Mama akamgeukia msimamizi, akamuuliza hapa panafanyika nini. Mzee akamweleza yote, taratibu, kama mtu anayemtembeza mgeni shambani. Akaenda kubandua karatasi nilizokwisha kuzipiga, akabandika mpya, akamletea zile. Mama akazishika kwenye mwanga wa mlangoni.

"Haya matundu kayatoboa yeye?"

"Yeye, mama."

"Akiwa wapi?"

Mzee akamwonyesha mstari. Mama akaenda mpaka kwenye mbao, akatembea na ndala zake kutoka hapo mpaka mezani kwangu, akihesabu hatua kwa Kiluguru. Alipofika alinitazama mkono, hakunitazama usoni. Mimi nilikuwa naangalia saa ya ukutani. Dakika zangu saba zilikuwa zimekwisha na nyingine juu yake. Nilitaka kulia kwa hasira, na sikujua ni hasira ya nani.

"Muda wangu umekwisha, mzee," nikasema.

"Muda upi?" Alitoa saa yake mfukoni. "Nilisimamisha mama alipopiga hodi. Dakika za salamu hapa hatuhesabu. Mna dakika saba, nyote. Mama, keti pale kwenye robota."

Mama akakaa. Nikageukia shabaha nikiwa na mama mkwe mgongoni na shikamoo isiyojibiwa. Ya kwanza nikapata sita kati ya kumi, aibu tupu. Ya pili nane. Nikajiambia, wewe, atakachosema atakisema, sasa hivi piga. Ya tatu tisa. Ya nne na ya tano zilikuwa kumi, na ile ya tano nilijua kabla haijafika. Nilicheka kwa sauti, pale pale, sheria zote nimezisahau.

Tulipohesabu, mwalimu alikuwa amenizidi pointi moja. Moja! Iliniuma, na bado inaniuma kidogo nikiikumbuka ile sita. Nilimpa mkono, nikachukua mkoba, nikatoka nje kwenye jua kwenda kuhukumiwa. Mama alikuwa ananisubiri chini ya ukuta wa ghala. Mume wangu, shujaa wangu, alikuwa amekumbuka kwamba duka limefungwa.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utanikataza, mama."

"Ningekukataza." Alilisema hilo bila kuzungusha. "Nimetoka kanisani nikiwa na yangu kichwani. Nilikuwa nimeshapanga nitakalomwambia mwanangu usiku huu, na wewe ungepanda basi la kwenu." Akafungua kipochi, akafunga. "Halafu nikakuona umecheka. Miaka miwili na zaidi naja nyumbani kwako, unanipikia, unanitandikia, meno yako sijawahi kuyaona. Mgeta nimewaambia watu wote kwamba mke wa mwanangu hatupendi. Nimewaambia mpaka kanisani."

Nilimfikiria akipanda lori la mboga kila mara, na kabichi zake, kuja kukaa siku tatu kwa mtu anayeamini hampendi. Nikaanza kulia, na safari hii nilijua ni kwa ajili ya nini.

"Nawapenda, mama. Nilikuwa nimekosa kitu changu tu."

"Sasa nimekiona," akasema. Alinifuta machozi kwa ncha ya kitenge chake kizuri. "Ila mimi nitawaambia nini wale watu wa Mgeta?"