Mbao za Laurence Zilizogeuzwa

Kabla hamujamusikia mutu mwingine, musikie mie, fundi wa Ndosho: kando ya ziwa hili hakuna nyumba ya mbao isiyojua nyundo yangu. Ya dada yangu mudogo Laurence niliijenga mara mbili, na ile ya pili ndiyo iliyoleta matata.

Laurence anaanika sambaza, samaki wadogo wa ziwa, na kuziuzisha Goma kwa pirogi, mutumbwi wake, maana kwao hakuna barabara. Ana ulimi. Mie, mukubwa wake, ananiita Muzee Misumari. Lakini mvua ikianza, hatanii mutu. Zoruba ya miaka iliyopita iliteremusha maji ya mulima yakakutana na mawimbi ya ziwa, na mutoto wake Igihozo alikuwa amelala chini, kwenye mukeka; hakuamuka tena. Majirani walimufariji: maji yalikuwa mengi, hakuna mama angeweza kumuokoa.

Mbao zilibaki na mustari wa matope, na chini zikaanza kuoza. Nikafanya kama fundi yeyote wa Goma: nikazing'oa, nikazigeuza kichwa chini, upande uliooza ukawa juu, nikazipigilia tena. Kazi safi.

Mwaka huu akaja Fabiola, enjeniya. Zoruba ile haikupimwa na mutu, kwa hiyo alitafuta alama kwenye kuta ili akadirie maji yalifika wapi. Kama yalipita kifua, watu wangepewa viwanja juu mulimani. Nyumba zingine zilikuwa zimejengwa upya. Ya Laurence tu ndiyo ilibaki na mustari. Ulikuwa juu ya kichwa changu, na mie si mufupi, hata maadui wangu wanakubali.

Fabiola akapima. Majirani wakaanza kugombania viwanja ambavyo hawajapewa. Nikamunong'oneza Laurence anyamaze, ubao umekwisha kusema; bado ana Bienvenu, mutoto aliyebaki, naye alale pakavu.

Aliutazama mustari ule sana. Kama maji yalifika pale, basi kweli hakuna mama angeweza. Nilimuona akitamani kuuamini.

"Mama enjeniya, kaka yangu aligeuza mbao," akasema. "Maji yalifika hapa." Akainama, akagusa goti lake.

Fabiola akaniangalia. Mie nikachunguza misumari yangu. Akamueleza Laurence kwa upole kwamba kwa maji ya goti hawahamishi watu.

"Munapima mutu aliyesimama," Laurence akamujibu. "Wangu alikuwa amelala."

Fabiola akaandika goti, akaandika na neno juu ya mutoto aliyelala. Alisema atalipeleka kwa wakubwa wake Goma, lakini hawezi kuahidi. Hadi leo hakuna jibu, na majirani hawamusaidii tena Laurence kusukuma pirogi.

Juzi nilimupelekea Bienvenu kitanda cha miguu mirefu, kazi ya mukono huu. Nilingoja Laurence anitanie. Alisimama kando ya kitanda, akaulinganisha muguu wa kitanda na goti lake, kisha akaniuliza kama naweza kuongeza urefu kidogo.