Kemia Tisa

Matokeo ya kidato cha nne yalinikuta nikianua nguo nyuma ya nyumba yetu, Kimaka, mjini Jinja. Baba, mpishi wa jeshi, alitoka na simu mkononi akanisomea somo moja moja kama anayeita majina kwenye gwaride. Hesabu tano. Baiolojia saba. Kemia tisa. Kwetu Uganda moja ndiyo alama ya juu, tisa ni kuanguka.

"Tisa," alirudia. "Basi hiyo ya unesi wacha. Polisi wanachukua watu mwezi ujao."

Nilikunja nguo, nikazikunjua, nikazikunja tena. Nilikuwa nautaka unesi tangu mdogo wangu alipolazwa na malaria. Wauguzi wawili walishindwa kumpata mshipa; wa tatu akamshika mkono, akaupata mara moja. Mimi na mama tulikuwa tumefumba macho.

Wiki ile sikuweza kutulia. Nikikaa nasimama, nikisimama natembea hadi barabarani na kurudi. Mwishowe nikaomba niende Mbale kwa mama mdogo, aliyepanga chumba Namakwekwe na kuuza viatu vya mitumba. Nilimwambia baba nakwenda kumsaidia kazi. Sikumwambia kwamba chuo kimoja cha unesi huko kilikuwa kinapokea wanafunzi.

Fomu ilitaka kemia isiyozidi sita. Nilipopeleka karatasi yangu ya matokeo dukani kutolewa nakala, mwenye duka aliitazama, kisha akanitazama mimi.

"Dada, hii tisa ni sita iliyolala vibaya," akasema. "Nipe dakika tano."

Nilimpa. Sikutoka hata nje kufikiri.

Siku ya usaili nilipanga foleni tangu asubuhi, bahasha imelowa jasho la mkono. Mwalimu mmoja, mama wa makamo aliyevaa sare nyeupe, alikuwa akipita kwenye foleni akituuliza maswali kama anayepoteza muda.

"Dripu ya mililita mia tano, iishe kwa saa nne. Kwa saa moja ni ngapi?"

"Mia na ishirini na tano."

"Vizuri. Na kemia ulipata ngapi?"

Nikajibu kama ninavyomjibu baba akikasirika: "Afande, hii karatasi si ya kweli."

Msichana wa mbele yangu aligeuka. Mwalimu hakucheka. Aliichukua ile nakala, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni.

"Mgonjwa ukimkosea dawa, utasema hivyo hivyo?"

"Sijui."

"Nenda karudie mtihani. Usije hapa tena na karatasi ya duka."

Nilirudi Namakwekwe kwa miguu. Mama mdogo alinisikiliza mpaka mwisho huku akisugua viatu, kisha akampigia baba yeye mwenyewe, akamweleza yote, akaniwekea simu sikioni. Baba aliuliza jambo moja tu.

"Ulisema mwenyewe, au walikukamata?"

"Nilisema mwenyewe."

"Basi rudia."

Nikavaa tena sare ya shule, na miaka ishirini yangu, katikati ya watoto walioniita "auntie". Kemia niliisoma nimesimama, kwa sababu nikikaa mawazo yalinitoroka. Nilipata tano. Mwalimu yule yule wa chuo aliishika karatasi yangu dirishani penye mwanga, akaikagua kwa muda mrefu, akaandika jina langu kwenye orodha ya waliopokelewa.

Sasa niko mwaka wa pili. Sijatulia bado. Nasoma lebo ya dawa mara tatu, naondoka, narudi kuisoma ya nne, na wenzangu hunilalamikia kwamba nawachelewesha. Mwezi uliopita baba alipiga simu: goti linamuuma, ameze nini?

"Nenda hospitali, baba. Siwezi kukupa dawa kwa simu."

"Wewe si nesi?"

"Bado."

Alhamisi alishuka Mbale kwa basi la asubuhi, akichechemea, na daftari lake la hospitali ndani ya mfuko wa plastiki. Nilimshika mkono tukaenda kupanga foleni pamoja na wagonjwa wengine.