Beji ya Bibi na Chura wa Mwavuli

Saa moja kasoro asubuhi, lango la Bustani ya Larkfield, kaskazini kabisa mwa London, bado lina kufuli. Ndani, Peninah Gathoni anafagia majani. Nje, kwenye baridi ya mwezi wa tatu, watu wazima wenye mvi na watoto wa kusomesha wamejifunika mablanketi juu ya stuli za kukunja. Mmoja anapiga mswaki.

"Waangalie," anasema Gathoni. "Ungedhani wanangoja unga wa njaa. Kumbe wanangoja bata."

Bata mwenyewe ni wa bati. Ni pini ya kubandika nguoni, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, yenye picha ya mmoja wa wanyama wa kuchekesha wa bustani hiyo ya michezo. Kila toleo hutengenezwa chache kwa makusudi, kila mtu huuziwa moja tu, na zikiisha zimeisha. Hapo ndipo watu wenye akili zao huziacha nyumbani.

Gathoni ana miaka hamsini na miwili. Amefagia hapa tangu mwaka 1998, muda mfupi baada ya kufika kutoka Ol Kalou, Kenya, na hulipwa kima cha chini cha mshahara. Ameokota soksi, bisi, hata meno ya bandia ya bwana mmoja aliyepiga kelele kupita kiasi kwenye treni ya kuzunguka. Hayo hayakumsumbua. Kinachomchosha ni utepe.

Kila mfanyakazi, mfagiaji naye hakusazwa, huvaa shingoni utepe uliobandikwa pini. Mgeni akipenda mojawapo, hutoa yake na kuchukua hiyo. Mfanyakazi haruhusiwi kukataa. Haruhusiwi hata kununa.

"Nimeinama nakwangua chingamu, mtu ananishika shingo kama kuku wa sokoni," anasema. "Ananigeuza huku, ananigeuza kule. Hata hujambo hana. Angalau kuku huulizwa bei!"

Ameyaona mengi. Yupo mama aliyeahirisha kupasuliwa goti ili asikose toleo la sungura. Yupo bwana aliyerudi kwenye foleni mara ya pili akiwa na wigi la mkewe, ndevu zikiwa palepale. Na kuna familia iliyomleta bibi yao kwa kiti cha magurudumu ili wapishwe mbele. Lango lilipofunguliwa, bibi aliruka kitini akawaacha wote nyuma.

Gathoni aliwacheka kwa miaka. Kisha, Jumanne moja ya mwaka jana, kicheko kikamgeukia mwenyewe.

Siku hiyo alikuja kazini na beji ya marehemu mama mkwe wake, Wanjiru. Ilikuwa beji ya samawati ya chama cha akina mama cha kanisa, yenye taa katikati. Kishikizo chake cha nyuma kilivunjika zamani, na Gathoni akafungia hapo kwa uzi pini kubwa ya nepi, ile aliyomfungia bintiye Shiro alipokuwa mchanga.

Shiro, kifupi cha Wanjiru, ndiye mjukuu aliyepewa jina la bibi huyo. Baada ya kusumbuliwa miaka mitatu, alikuwa amekubali kujiunga na chama, na Jumapili ile mama yake angemvisha beji ya bibi mbele ya kanisa. Ila alikuwa ameweka sharti.

"Mum, nitavaa ya Cucu," alisema. "Ikiwa ni nyingine, wacheni tu."

Gathoni alitaka kumwonyesha mwenyekiti wa chama beji hiyo baada ya kazi. Mfuko wa koti lake ulikuwa umetoboka. Basi, ili isipotee, akaibandika mahali alipodhani ni salama kuliko pote. Kwenye utepe.

"Usiniulize," anasema, akipiga fagio chini. "Hata mume wangu Solomon aliniuliza, nikamnyima chai."

Saa nne akatokea mzee mmoja Mhindi, miwani juu ya paji la uso na kioo cha kukuzia mkononi. Akaigeuza beji, akaona pini ya nepi, akasogeza kioo karibu zaidi. Wakusanyaji hupenda kuliko chochote pini yenye kasoro, iliyoponyoka kiwandani kwa bahati mbaya.

"Huyu mzee naye, amening'ang'ania kama ruba," Gathoni akanung'unika kwa Kiswahili.

"Ruba ndiyo, mama," mzee akajibu kwa Kiswahili safi. "Lakini ruba wa Nakuru."

Gathoni alieleza kuwa ile haikuwa ya bustani. Msimamizi, aliyekuwa amesimama hapo hapo na tabasamu la kazi, akasema kilicho kwenye utepe hubadilishwa. Mzee akaacha pini ya bata mzinga, akaondoka na beji mbio mbio.

Jioni Gathoni alimkuta kwenye basi la kurudi. Jina lake Firoz. Alikuwa na duka la miwani Nakuru kabla ya kuhamia Queensbury.

"Mzee, ile ni beji ya kanisa. Ni ya marehemu mama mkwe wangu."

"Pole sana, mama. Mungu amrehemu."

"Asante. Sasa nirudishie."

"Hapo sasa ndipo pagumu." Firoz alionekana kuumia kweli. "Pini ikiingia kwangu haitoki bure. Ni mwiko. Nilitoa moja bure, wiki ile ile bomba la maji likapasuka, likaniharibia ubao mzima wa pini."

Hata hivyo, alikuwa na njia. Jumamosi angetolewa Chura wa Mwavuli, mia tatu tu, mmoja kwa kila mtu. Yeye alihitaji wawili: mmoja wa kuweka na mwingine wa kubadilishana. Gathoni amletee chura nyumbani kwake, achukue beji.

Kanuni ya bustani haimruhusu mfanyakazi kununua toleo jipya siku ya kwanza. Ikabidi aende mumewe, Solomon, mtu mpole anayehudumia wazee kwenye makao huko Ilford. Jumamosi alitoka mapema na chupa ya chai, mfuko wa mandazi, na maagizo mafupi: "Chura. Lete nyumbani."

Gathoni, akiwa kazini, alimwona kwa mbali akicheka na wageni na kuwagawia mandazi. Kisha akamwona ameinua chura juu kama kombe. Akamshukuru Mungu. Alishukuru mapema mno.

Alipofika nyumbani, Solomon alikuwa amepanga mezani kindi, nungunungu na bundi.

"Chura yuko wapi?"

"Mama Shiro, kaa kwanza. Nimemtoa mmoja, nimepata watatu! Mzungu niliyebadilishana naye alikuwa anatokwa na jasho."

Baba yake Solomon alichuuza mbuzi soko la Ol Kalou maisha yake yote. Mtoto wa mchuuzi hawezi kuona moja ikizaa tatu akaacha.

"Baba angekuwa hai angenipa mkono," Solomon alisema.

"Baba yako angekuwa hai ningemrudishia mtoto wake."

Gathoni akampigia simu Ann, mwenyekiti wa chama, ambaye ni muuguzi. Alitarajia kukaripiwa. Ann akauliza, "Huyo mzee ni wa Nakuru? Basi anajua adabu. Vaa kitambaa, na huyo bwanako aje na hivyo vidude vyake."

Saa moja jioni akina mama saba, vitambaa vimefungwa kichwani, walisimama mlangoni kwa Firoz wakiimba. Majirani walichungulia. Solomon alikuwa nyuma na kikapu. Nyuma zaidi alikuwa Shiro, aliyevuta kofia ya jaketi hadi puani.

Ann hakutaja beji. Alikaa, akapokea chai, akakohoa.

"Mzee, tumetoka mbali. Tumesikia katika boma hili kuna msichana wa samawati. Tumempenda."

Firoz alimtazama. Polepole uso wake ukafunguka. Alikuwa amekaa kwenye posa nyingi za majirani zake kule Nakuru.

"Wasichana ninao wengi," akajibu. "Na siyo tabia yangu kuwatoa ovyo. Mnamjua mwenyewe, au mmesikia sifa tu?"

Akaingia ndani, akarudi na sinia la pini zilizopangwa safu, kila moja imefunikwa leso ya karatasi, kama kwa Wakikuyu maharusi wanavyofunikwa mashuka ili mchumba achague wake. Ukikosea, unatozwa faini.

Shiro alivua kofia.

Gathoni aliinama juu ya sinia. Pini zote zililala bapa, ila moja ilikuwa imeinua leso upande mmoja, kama mtu aliyelalia kiwiko. Ni pini ya nepi hiyo.

"Ni huyu," akasema.

Vigelegele vilipigwa hadi mbwa wa jirani akajibu.

"Ni yeye," Firoz akakubali. "Lakini hatoki bila mbuzi wa mahari. Watatu."

Solomon alisogea mbele kama waziri, akawapanga: kindi, nungunungu, bundi. Firoz akamshika bundi, akateremsha miwani.

"Huyu jicho moja halina rangi."

"Ni mbovu?" Solomon akauliza kwa woga.

"Mbovu kabisa," Firoz alinong'ona, kioo cha kukuzia tayari jichoni. "Mbuzi wametosha."

Jumapili Shiro alivishwa beji ya bibi yake, pini ya nepi ikiwa nyuma. Alilia, kisha akakana.

Ingekuwa hadithi njema kama ingeishia hapo. Lakini Solomon anasema alipanga yote tangu mwanzo, na tangu siku ile hakamatiki. Ana mbao mbili za pini sebuleni na wa tatu unakuja.

Gathoni anaweka akiba ya kurudi Ol Kalou. Ana kiwanja, na anataka nyumba ya mawe yenye vyumba vitatu, asifagie kwa mtu tena. Solomon amekwisha kuchora ramani. Chumba kimoja amekiandika: Pini.

Mlinzi anafungua kufuli. Foleni inasimama, mablanketi yanaanguka. Wa tatu na wa nne kutoka mbele, wakinywea chai kifuniko kimoja, ni mzee mwenye miwani juu ya paji la uso na bwana mpole mwenye mfuko wa mandazi.

"Baba Shiro! Vaa kofia, utakufa na baridi kwa ajili ya bata!"

Solomon anapunga mkono. Gathoni anatikisa kichwa, anakusanya majani yake.

"Chumba hapati," anasema. "Si walisema pini ni mbuzi? Nitamjengea zizi, akalale nao."