Ubao wa Bi Zuwena

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa ngazi. Nahodha, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, alinionesha pahala pa kusimama, maji yakinifika mapajani, akasema, "Wewe Mtumbatu, bahari umezaliwa nayo. Ikamate hiyo, mgeni asianguke, na mdomo ufunge." Ndivyo nilivyoingia katika kazi ya kuwapeleka wageni kisiwani Changuu kwa safari za kutwa. Asubuhi tulitoka pwani ya Mji Mkongwe, tukawaonesha makobe wakubwa na matumbawe, tukala nao, jioni tukawarudisha.

Vijana mnaoingia kazi hii leo mnajua kwamba boti zetu nyingi hazina gati. Boti husimama majini, mtu akavua viatu, akakunja suruali na kupanda ngazi ubavuni. Asiyeweza hubebwa na mabaharia. Nimewabeba wengi, na wengi walicheka tukiwabeba. Walionyamaza ndio walionitia unyonge.

Nilipanda taratibu. Kutoka kwenye ngazi nilipelekwa kwenye nanga, kisha nikajifunza Kiitaliano cha kubabaisha nikawa muongoza wageni, na mwisho nikawa mkuu wa safari, yule anayeamua boti itoke saa ngapi na ipite wapi. Hapo ndipo nilipoanza kuvutana na Meneja wa kampuni yetu kwa ajili ya mpishi wetu.

Bi Zuwena alitupikia nyumbani kwake, mtaa wa Malindi hapo hapo mjini. Kila asubuhi tulichukua masufuria yake ya pilau na samaki wa kupaka, yakaenda kisiwani, yeye akabaki. Kisiwa chenyewe alikiona kwa mbali tu, akipanda juu kuanika nguo. Magoti yalikuwa yameanza kumtupa mkono. Siku moja alinishika kanzu mlangoni.

"Hebu nambie, huko chakula changu kinakokwenda kila siku, mimi sendi?"

Nilifikisha ombi lake. Meneja hakukataa. "Na aje, vijana watambeba," alisema.

"Mimi sibebwi," alijibu Bi Zuwena nilipompa habari. "Mtu mzima na baibui langu, nibebwe mbele ya pwani nzima? Nshakuwa gunia la karafuu?"

Alikuwa na haki, nami nikakaza kamba. Nilikwenda kwa seremala kule mtaa wa Amani, akanitengenezea ubao mrefu wa mvule wa kupandia botini kutoka mchangani, umepigiliwa vipande vya kukanyagia ili mguu usiteleze, na kamba ya kushikilia pembeni. Meneja alipouona alicheka, halafu akakasirika.

"Wenzetu watakuwa washafika kisiwani, sisi bado tunapanga mbao! Ukituchelewesha, wewe na ubao wako mtatafuta boti nyengine. Na huyo Bi asiniombe tena."

Nilisubiri maji mafu, zile siku ambazo bahari haijai sana wala haipwi sana, ili boti iweze kusogea karibu asubuhi na jioni pia. Nilimwomba Nahodha aangushe nanga nyuma kabla ya kufika ufukweni, kisha aiingize omo, yaani mbele ya boti, mchangani polepole. Boti ikikamatwa mbele na nyuma haiyumbi ovyo.

Bi Zuwena alikuja amevaa viatu vyake vya harusini. Meneja alisimama pembeni, mikono kifuani. Mwanamke yule alipofika katikati ya ubao, boti kubwa la abiria lilikuwa likitoka bandarini, na mawimbi yake yakatufikia. Ubao ukacheza. Mabaharia wawili wakaruka majini kumdaka. Angeanguka pale yangekuwa yamekwisha, yake na yangu.

"Ondosheni mikono!" alisema. "Nnakwenda mwenyewe."

Aliishika kamba, akangoja mawimbi yapite, akaendelea mpaka akaingia. Machozi yalinitoka, nikasingizia maji ya chumvi. Nilipogeuka, mzee mmoja wa Kizungu mwenye mkongojo alikuwa tayari amekanyaga ubao, hakuna aliyemwambia. Meneja aliangalia, akakohoa.

Kisiwani Bi Zuwena aliwatazama makobe, akasema wamemshinda uvivu. Kisha tukampakulia kama mgeni. Alionja tonge moja, akaacha kutafuna.

"Wageni wanakula hiki?"

"Naam, Bi. Wanakisifu kila siku."

"Wanakusitirini. Kishapoa, mafuta yameganda, na nyinyi mnanyamaza miaka yote!"

Jioni, tuliporudi, Meneja alimpokea mchangani, ubao ulipoishia, kwa adabu. "Shikamoo, Bi. Umefurahi na matembezi?"

"Marahaba. Nimefurahi. Kesho nnakuja na mkaa, ntapika huko huko."

Na alikuja, kesho yake na siku zilizofuata, akapika kwenye banda letu kisiwani mpaka mwenyewe alipoamua kupumzika.

Sasa nami nimestaafu. Vijana huniuliza siri ya kazi, wakitarajia niwatajie lugha au mashine. Nawaambia wamtengenezee mwenyeji njia ya kufika kwa miguu yake. Nilidhani nampeleka Bi Zuwena kutembea, kumbe nilikuwa nampeleka mkaguzi. Mgeni huaga akishukuru. Mwenyeji akifika hutwambia ukweli, na kesho yake huja na mkaa.