Madoa Meupe

Programu ya kuvuta video kutoka kwenye kamera ya USB niliiandika mwenyewe, nyumbani Babati, na siku ya kuijaribu nusura nipasuke kichwa. Kamera ilikuwa sebuleni, waya wake umepita juu ya mlango hadi kwenye kompyuta yangu chumbani. Mwenye duka mmoja wa Bagara angekuja baada ya swala ya alasiri, aone kama itamfaa kulindia stoo yake.

Kwenye skrini yalikuja madoa meupe tu, yamejipanga safu kwa safu. Nikaamini data zinafika zimevurugika. Nikabadilisha hiki, nikabadilisha kile, madoa ni yaleyale! Nikailaani kamera, nikamlaani na aliyeitengeneza. Kunyanyuka kwenda kuiangalia, wala. Mwishowe nikaifuta programu yote kwa hasira, sikubakiza hata nakala.

Hapo nikasikia hodi. Nilipotoka, nilimkuta mama anaondoa juu ya kamera kitambaa chake cha kufuma, matundu safu kwa safu, kama kile anachofunikia redio.

"Niliifunika isipate vumbi," alisema. "Karibu mgeni."

Mwenye duka akaketi, akanitazama.

"Haya kijana, nionyeshe."