Nilifuta chipu ya mashine ya watoto njiti, nikanyamaza

Sitaki kuhurumiwa. Nilikosa, tena kwa makusudi. Jina langu nalificha kwa ajili ya mamangu aliyeko Mambrui. Hadi leo hajui.

Mimi ni mwanamke, fundi wa vifaa vya umeme hapa Malindi. Redio, friji, mizani za dukani, vyote vimepita mezani kwangu. Nilipoanza wanaume walinicheka, basi nikajijengea kiburi: hakuna kifaa kitakachonishinda!

Kuna zahanati ndogo upande wa Gede. Walikuwa na mashine mbili za joto, zile wanamolazwa watoto njiti, zimefanana kama mapacha. Moja iliharibika. Hewa ya chumvi ilikuwa imekula chipu yake, kile kijidude cheusi kinachobeba programu inayoiongoza mashine nzima. Sista Kadzo, muuguzi mkuu, akaniita.

Chipu mpya ningepata. Lakini chipu mpya haina kitu ndani. Programu ningeitoa wapi? Nikawaza: nitainakili kutoka kwa ile nzima!

"Hiyo usiiguse, mwanangu," Sista Kadzo akaniambia. "Ndiyo pekee iliyobaki."

"Naenda kuisafisha bodi yake tu, Sista. Ina kutu. Kesho asubuhi utaipata."

Uongo! Uongo mtupu!

Nikaenda na bodi ile, kibao kinachobeba chipu, dukani kwangu. Chipu kama hizi zina programu ndogo ya mlangoni, inayoamka kabla ya nyingine yoyote. Ndiyo anayopitia fundi kuingiza programu kubwa. Nikaunganisha kompyuta, ikanijibu. Lakini nilipotaka kusoma kilichomo ndani, ikakataa. Walioitengeneza waliweka kufuli isinakiliwe.

Na nilijua. Wallahi nilijua! Kufuli la namna ile hufunguka, ila likifunguka chipu hujifuta yote. Imeandikwa waziwazi kwenye maelezo yake, na nilikuwa nimeyasoma. Lakini fundi mmoja aliwahi kuniambia hayo ni vitisho tu ili watu wanunue bodi mpya. Nikachagua kumwamini, kwa kuwa ndivyo nilivyotaka iwe.

Kompyuta ikaniuliza: una hakika? Nikabonyeza ndiyo.

Kufuli likafunguka. Nikasoma. Herufi F, F, F, F, tangu mwanzo hadi mwisho! Kwetu mafundi hiyo ina maana moja: hamna kitu. Nikasoma tena, na tena. F tupu.

Hapo ndipo ningepiga simu. Sikupiga. Nikakaa nikaandika programu yangu mwenyewe: pima joto, likishuka washa, likipanda zima, onyesha namba kwenye kioo. Nikaijaribu kwa kuuchovya waya wa kupimia kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu. Ikafanya kazi! Asubuhi nikairudisha.

"Mungu akubariki, mwanangu," Sista Kadzo akasema. Sikuweza kumtazama usoni.

Siku ya tatu akanipigia. "Fundi, njoo." Hakuniita mwanangu.

Nilimkuta amesimama kando ya mashine, mikono kiunoni. Alikuwa amelazwa humo mtoto wa binti mmoja aitwaye Umazi. Ule waya wa kupimia joto hubandikwa tumboni mwa mtoto. Ulikuwa umebanduka. Programu ya zamani ingelijua hilo, ingekata joto na kupiga king'ora. Yangu ilidhani mtoto anaona baridi, ikazidi kuwasha. Kimya! Sista Kadzo alipopita akamwona mtoto mwekundu kote, anahema mbiombio. Akamnyakua, wakamkimbiza hospitali kubwa.

"Waya ukitoka hii mashine hulia," akaniambia. "Mbona leo imenyamaza?"

"Labda ni stima, Sista. Zinapanda na kushuka."

Hata hapo, jamani! Hata hapo nilidanganya!

Naye akaniamini. "Basi iangalie haraka. Kuna mama leba, wa miezi saba, mtoto yuko njiani." Akainama kuchomeka plagi.

Nikajikuta nimeziba soketi kwa kiganja, napiga kelele: "Usiiwashe, Sista! Usiiwashe!" Nikamwambia yote, machozi na makamasi.

Hakunipigia kelele. Aliukunja ule waya wa stima polepole, akasema, "Nenda ukamwambie mamake mwenyewe."

Sijapata kuogopa vile maishani. Umazi nilimkuta kwenye benchi la hospitali, bado na leso ya kujifungulia. Nikamweleza. Mambo ya chipu hakuyaelewa. Aliniuliza moja tu: "Ulijua inaweza kumuumiza?"

"Nilijua kwamba sijui vya kutosha," nikajibu. Akanipa kisogo.

Mtoto alikaa siku sita, hatujui ni wa kuishi au wa kuzikwa. Alhamdulillahi, aliishi. Lakini madaktari wanasema kama joto lile lilimwachia dosari, itajulikana akikua. Kila nikisikia simu nashtuka. Na zahanati ilikaa wiki kadhaa bila mashine, kina mama wakiwabeba njiti wao vifuani kuwapeleka Malindi, mpaka bodi halali ilipofika. Sista Kadzo hanipokei simu. Vifaa vya hospitali sivigusi tena, na sidhani kama kuna atakayeniletea.

Mafundi wenzangu, msinakili tabia yangu! Ukikuta kufuli, uliza aliyeliweka. Kitu kisicho na nakala usikifute. Na ukiharibu, sema saa ileile, hata kama utatukanwa, hata kama utafukuzwa! Chipu niliifuta kwa dakika moja. Zile siku tatu nilizonyamaza ndizo zilizomchoma mtoto wa watu.